Tarumbeta Lililowasemea Wengine

Asubuhi ya sherehe ya kuwakumbuka waliokufa vitani, mpiga tarumbeta alikaa mlangoni akilisugua tarumbeta lake kwa majivu, mkewe akimpigia pasi shati. Suruali ya sare ilikuwa imeshambana.

"Vuta tumbo mpaka mgeni rasmi aondoke," mkewe alimwambia. "Ukipumua tu, kifungo kitamtoa jicho."

Hakuwa na majivuno na kazi hiyo. Alipata nafasi kwa sababu wapigaji wazuri walikufa vitani akabaki yeye, na kila mwaka aliwahurumia marehemu kwa kulazimika kumsikiliza. "Wangeweza kuondoka," alizoea kusema, "wangeshaondoka."

Mgeni rasmi alipoweka shada la maua penye mnara, yeye akapuliza. Badala ya wimbo, tarumbeta likakohoa, kisha likasema:

"Kaka, bado tu unawatesa watu na hilo dude?"

Ilikuwa sauti ya mdogo wake, aliyepigana upande ulioshindwa, akafia porini, na hakuna aliyethubutu kumlilia hadharani.

"Ndiyo kazi pekee wanayonipa pamoja na kofia," akamjibu, akapuliza tena, maana ratiba ilitaka mara mbili. Safari hii zilitoka sauti nyingi, zote za upande ule. Mmoja aliuliza kama paa la jikoni bado linavuja. Mama mmoja muuza karanga akamjibu kutoka nyuma ya kamba iliyozuia umati, "Tuliliziba, mwanangu." Mgeni rasmi akatazama saa.

Baadaye katibu wa sherehe alimwita mpiga tarumbeta pembeni.

"Mzee, chombo chako kina kasoro."

"Kasoro ni midomo yangu, mheshimiwa."

"Midomo yako tumeizoea. Tatizo ni hao waliosema. Majina yao hayamo mnarani."

Akapewa tarumbeta jipya, akalijaribu. Halikusema kitu. Lilipiga vibaya tu, katibu akaridhika.

Lile la zamani alirudi nalo nyumbani. Tangu hapo, majirani walianza kupitia mlango wa nyuma, mmoja mmoja, kila mtu akidai amekuja kuazima chumvi. Yeye alipuliza, wao wakaongea na watu wao, wengine wakalia vizuri, kilio walichokuwa wamekikalia miaka yote. Mashavu yakamvimba hata mkewe akasema ameolewa na chura, ila sauti ya mdogo mtu ilipotoka alimwitikia, "Karibu, shemeji," akasogeza kiti.

Jioni ya kuamkia sherehe iliyofuata, mdogo wake aliuliza, "Kesho utawapigia wale wa mnarani?"

"Nitawapigia. Nyinyi bado hamtajwi."

"Basi jitahidi, kaka. Wale nao ni watu."

Kesho yake alijitahidi kweli. Noti ya tatu ikamponyoka kama kawaida, mgeni rasmi akapiga saluti, na majina yakasomwa yote, ya upande mmoja.