Nusu Kichwa Bungeni

Ukitaka kujua nchi inakwendaje, achana na magazeti, nenda kasuke. Siku ile saluni imejaa mpaka mlangoni, mimi nimepakwa shampuu nasubiri kusuuzwa, na kitini kakaa Mheshimiwa, mbunge wetu, nusu ya kichwa rasta, nusu imesimama kama fagio.

Redio ilikuwa inatangaza Bunge. Mswada wa kubadili katiba unapigiwa kura: mtoto wa mama mwananchi naye awe mwananchi, baba awe wa wapi sijui. Msusi wetu hakuwa na masihara na mswada huo. Mjukuu wake kazaliwa hospitali ya pale kona, lakini baba ni mgeni, basi kila mwaka analipiwa kibali kama mtalii. Na bila uraia, chuo cha uuguzi kimemkatalia.

"Mheshimiwa," msusi akauliza, chanuo hewani, "kura si leo? Mbona uko hapa?"

"Dada yangu, chama kinataka nipinge. Nyinyi mnataka niunge mkono. Basi nimekuja kusuka. Sipingi, siungi, sina ugomvi na mtu."

Sote tukaona kasema la maana, isipokuwa muuza mitumba, ambaye humsikiliza mtangazaji kuliko anavyomsikiliza mumewe.

"Hesabu si hiyo, shoga. Sheria ya kawaida wanahesabu waliopo. Katiba wanahesabu wabunge wote, mia na hamsini, na zinatakiwa ndiyo mia moja. Asiyekuwepo ni sawa na aliyepinga, tena huyo kapinga huku kanyoosha miguu."

Msusi akaweka chanuo mezani.

"Kumbe unammaliza mjukuu wangu huku nakusuka?"

"Dada, malizia kwanza..."

"Simalizi."

"Sasa nitatokaje hivi?"

"Kama ulivyoingia. Kwa mlango."

Mheshimiwa akajitazama kwenye kioo: upande huu harusi, upande huu msiba. Akaomba mtandio. Tulikuwa wanawake kumi na wawili na hakuna aliyekuwa na mtandio, hata yule aliyekuwa ameuvaa. Akatoka mbio. Bunge liko mtaa wa pili.

Majina yakaanza kuitwa. Muuza mitumba anahesabu kwa vibanio, ndiyo moja, kibanio kimoja. Tisini na nane. Tisini na tisa. Halafu mtangazaji akaangua kicheko, akajikohoza, na sauti tunayoijua ikasema, ikihema: "Ndiyo!"

Vigelegele! Msusi akaanguka kwenye kiti, uso ndani ya taulo, analia.

"Hata hivyo," mtangazaji akaendelea, "kwa kuwa kifungu hiki kinahusu uraia, kitapelekwa kwa wananchi kwa kura ya maoni. Uandikishaji wa wapiga kura unafungwa leo jioni."

Taulo likashuka taratibu.

"Nani hapa kajiandikisha?"

Ikainuka mikono miwili. Mmoja ulikuwa unakausha rangi ya kucha.

"Inukeni," msusi akasema. "Wote. Hivyo hivyo mlivyo."

Karani wa uandikishaji alipotuona tunaingia na mataulo na vibanio, akauliza moto uko wapi. Zamu yangu ilipofika akashusha kamera.

"Mama, una povu mpaka sikioni. Kadi hii ni ya miaka mitano. Huwezi kurudi kesho ukiwa umesuuzwa?"

Sijafungua mdomo, msusi kashanisukuma mbele ya kamera.

"Mpige hivyo hivyo, baba. Chuo kinafungua mwezi wa tisa."