Madumu ya Somanda

Justina na Kabula, mke wa kaka yake, walitengeneza sabuni ya maji nyumbani kwao Somanda. Tangu wabadilishe dawa ya povu, sabuni iliyotoka safi asubuhi iligeuka nyeupe kama maji ya muhogo ikifika mchana. Wateja wakaanza kuirudisha.

Justina alishinda sokoni, Kabula alibaki na madumu uani. Mama yake Justina, Nyanjige, akaanza kusema kuwa hata bibi yake Kabula kule Nassa alikuwa akisemwa. Neno uchawi hakulitamka, lakini nyumba nzima ililisikia. Justina akaliamini. Jumamosi akakoroga dumu moja peke yake, akalifunga, ili wazee walioitwa kuliamua jambo hilo waone tofauti.

Jumapili mchana Baba Jilala, mjomba wa familia, alifika na wazee wawili. Justina akalifuata dumu lake pale juani. Lilikuwa limechafuka kama yale mengine, na lilikuwa la moto mkononi.

Akaingia ndani, akamimina kidogo kwenye chupa, akaizamisha kwenye beseni la maji baridi ya mtungi. Nje mama yake alikuwa akimuuliza Kabula anatia nini kwenye sabuni. Polepole ukungu ukatoweka ndani ya chupa, hadi Justina akaviona vidole vyake upande wa pili.

Akatoka nayo.

"Hii nimeikoroga mwenyewe. Kabula hakuigusa," alisema. "Ni joto. Ikipata moto inachafuka, ikipoa inarudi."

Mama yake akasema huyo naye keshalishwa kitu. Justina aliilaza chupa juu ya bati lililochomwa na jua, mbele ya wote. Wakaingoja. Kaka yake, Mihayo, mume wa Kabula, alitazama chini muda wote. Kisha sabuni ikaanza kupauka, ikawa nyeupe kabisa.

Baba Jilala aliichukua kwa mkono wake, akairudisha kwenye beseni, akaisimamia mpaka ikang'aa. Akasema hana kesi ya kuamua hapa.

Justina akamgeukia wifi yake kumwomba radhi.

"Mngenitenganisha na watoto wangu," Kabula alisema, "kwa sababu ya jua."

Kesho yake alipanda basi la Nassa na wanawe. Mihayo alimfuata mara mbili. Kabula alirudi baada ya mavuno ya pamba, akaongea na Justina vizuri, lakini biashara ya pamoja hakuitaka tena.