Ubatizo wa Mama Mkwe

Mume wangu, Mchungaji Machogu, alianza kumwonea wivu Obiero siku ile ile Obiero alipofungua kinywa kanisani kwetu. Namjua mume wangu. Akishikwa na wivu husafisha miwani. Sabato hiyo aliisafisha tangu wimbo wa kwanza hadi baraka za mwisho, na haikuwa na vumbi hata chembe.

Mimi si mtu wa wivu. Kwa mama yangu tulizaliwa wasichana watupu, tukagawana kila kitu, nikazoea mapema kuona kitu kizuri mkononi mwa mwenzangu na kuendelea na shughuli zangu. Ndiyo maana naweza kuieleza habari hii bila kumpendelea mtu.

Obiero aliletwa na misheni awe mchungaji msaidizi, vita vya Wazungu vikiwa vimekwisha na vijana wetu wameanza kurudi. Alitoka kando ya ziwa, Karachuonyo, mrefu, mwenye sauti inayofika mpaka kwa watu waliosimama nje. Ekegusii, lugha yetu, aliisema kwa kuokoteza. Alikosea maneno, watu wakacheka, na wakishacheka wanasogea mbele wasikie atakosea nini tena. Kabla hawajajua, wamehubiriwa.

"Wanamletea ndizi," mume wangu aliniambia jioni moja.

"Nani?"

"Akina mama. Mkungu mzima, Persis. Mimi nimekaa mlima huu tangu kanisa likiwa la nyasi tupu. Nani aliwahi kuniletea mkungu?"

"Baba Zilpa, wewe una shamba la migomba."

"Hayo ni mengine," akasema, akavua miwani.

Obiero alikuwa na tabia ya kushuka mimbarini akihubiri na kutembea katikati ya mabenchi. Mume wangu alimcheka kwa hilo, akasema Neno la Mungu halihitaji kutembezwa. Sabato iliyofuata, kwenye zamu yake, naye akashuka. Alifika benchi la pili, akagonga muundi kwenye kona ya ubao, na neno lililomtoka halimo katika Biblia ya tafsiri yoyote. Watu waliinamisha vichwa kana kwamba wanaomba. Mimi niliuma leso.

Kisha kigoda kikapotea. Kilikuwa kigoda kidogo cha miguu mitatu ambacho mume wangu alikalia nyuma ya mimbari akisubiri nyimbo ziishe. Tulikitafuta hatukukiona. Obiero, alipoulizwa, alisema kipo salama na atakirudisha, akaomba asiulizwe zaidi.

"Amekigawa," mume wangu aliniambia tukirudi nyumbani. "Anagawa vitu vya kanisa ili apendwe. Tabasamu lilipomwishia ameanza kugawa viti."

Yote hayo ningeyavumilia. Lakini siku moja Obiero alikuja kwetu mchana, akakataa uji, akasimama mlangoni ameshika kofia.

"Mchungaji," akasema, "mama yake Mama Zilpa anataka kubatizwa."

Hapa nieleze. Mama yangu, Bosibori, alikaa ng'ambo ya mto Gucha, na alijulikana upande wote wa Ogembo kwa pombe yake ya wimbi. Mchungaji anahubiri dhidi ya pombe, na waliolewa kwa pombe ya mama mkwe wake wanapita njiani wakiimba. Kwa miaka mingi hiyo ndiyo ilikuwa aibu ya mume wangu. Watu walimwuliza kwa upole, wakijua wanapomgusa: "Mchungaji, na yule mama, bado?" Naye anajibu, "Bado, tuombe."

Kwenda kumhubiria mwenyewe hakuweza. Kwetu Gusii mwanamume na mama mkwe wake hawasogeleani. Hawashikani mkono, hawali chungu kimoja, hawatazamani machoni, na wakikutana njiani mmoja huingia kichakani hadi mwenzake apite. Hiyo ndiyo chinsoni, na anayeivunja hupata aibu ambayo hata watoto wake wataikuta. Kwa hiyo kazi ya kumwita mama ilikuwa yangu. Nilivuka daraja la magogo mara nyingi, nikamsihi. Kanisani niliweka leso yangu kando yangu kwenye benchi, kumwekea nafasi. Sikuzote alinijibu vile vile: magoti yanauma, mwanangu, kile kilima chenu ni kirefu.

Sasa Obiero anasema amekubali. Ni kweli mama alikuwa ameacha kupika pombe, nami nilidhani ni kwa sababu ya kifua, maana alikuwa akikohoa na kukonda. Mume wangu alimshukuru Obiero kwa maneno yote yanayofaa. Obiero alipoondoka, alikaa chini akatazama ukuta.

"Amekuja jana tu," akasema. "Hata wimbi alilolikuta shambani halijavunwa. Mimi nimemwombea yule mama kila siku ya maisha yangu ya ndoa, Persis. Kila alfajiri, kabla hata sijakuombea wewe. Yeye anapita na kofia yake, anachuma."

Kwamba nilikuwa nikiombewa wa pili sikulijua. Nililiweka moyoni, nikaendelea na mboga.

"Nitambatiza mimi," akasema.

Nikadhani sikusikia vizuri. Ubatizo wetu ni wa kuzamishwa mtoni. Mchungaji anamshika mtu mkono, anamkumbatia mgongo, anamlaza majini na kumwinua nguo zikiwa zimemganda mwilini.

"Utamshika mama yangu kiunoni?"

"Ndani ya Kristo hakuna mkwe."

"Wiki iliyopita ulimwona sokoni ukajificha nyuma ya mbuzi."

Na Sabato iliyofuata alisimama mimbarini akalitangaza hilo hilo mbele ya kanisa zima, kwamba siku ya ubatizo yeye mwenyewe atawabatiza wanawake wote bila kubagua, na kwamba mila zinazomzuia mtumishi wa Mungu kumgusa kondoo wake zimekwisha nguvu. Wazee walitazama miguu yao. Obiero alifunga macho. Nyuma ya ukuta wa mimbari, kwenye migomba ya kanisa, mtu alikohoa, lakini watu hupita huko wakienda mtoni, sikuwaza kitu.

Hatujamaliza hata kula chakula cha mchana, Tryphosa, mke wa shemasi, akabisha hodi. Mkononi alikuwa na kanzu nyeupe ya marekani niliyomshonea mama kwa ajili ya ubatizo, imekunjwa vizuri.

"Mama yako ameirudisha," akasema bila kumtazama mume wangu. "Anasema heri azikwe mpagani kuliko mkwe wake amshike maziwa mbele ya watu."

Nilishangaa habari zimemfikiaje mama upesi namna ile, na Gucha imejaa. Lakini nilikuwa na hasira, na hasira haiulizi mambo madogo. Tryphosa alipotoka nilimgeukia mume wangu.

"Umesikia kile kifua chake? Hatafika mavuno mengine, na wewe unajua. Umemwombea miaka yote aingie mlangoni, sasa anaingia, umesimama mlangoni wewe."

"Si mimi. Ni mila."

"Ni wivu, Baba Zilpa. Kama si Obiero aliyemleta, usingekumbuka kwamba ndani ya Kristo hakuna mkwe. Ukimshika umemkosa. Ukimwacha Obiero amshike, ameokoka. Chagua lipi linakuuma zaidi."

Alitoka nje. Wiki ile nzima alilima viazi vitamu ambavyo havikuhitaji kulimwa. Alisema na ng'ombe zaidi kuliko alivyosema nami. Ijumaa jua likikaribia kuzama, maji ya kuogea yakiwa motoni na chakula cha Sabato tayari, alirudi na tope mpaka magotini, akasimama palepale aliposimama Obiero.

"Mwambie mama yako aivae kanzu," akasema. "Obiero atabatiza. Mimi nitakaa ukingoni."

Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyenyang'anywa. Nilimhurumia, nami sikumwonyesha. Nilivuka Gucha na ile kanzu kabla giza halijaingia.

Tuliteremka mtoni asubuhi, kanisa zima, tukiimba. Maji yalikuwa ya rangi ya udongo lakini yametulia. Obiero aliingia mpaka kiunoni. Wanaobatizwa wakajipanga, na mama yangu alikuwa wa mwisho, mdogo ndani ya kanzu yake, ameshikwa mkono na Tryphosa. Mume wangu alisimama ukingoni na Biblia. Alijua kama tulivyojua sote kwamba zamu ya mama mkwe ikifika hataruhusiwa hata kutazama.

Obiero alikuwa na desturi yake. Kabla ya kumzamisha mtu humwuliza, "Nani alikuletea Neno?" Sijui kama aliianza kwa unyofu au kwa kujipenda, lakini asubuhi ile nilitamani aisahau. Kijana wa kwanza alisema, "Wewe, Mchungaji Obiero." Wa pili, msichana, akasema vile vile. Mzee mmoja akasema ni mke wake, watu wakacheka, lakini waliomfuata wakarudi kwa Obiero. Kila jina hilo lilipotajwa shingo ya mume wangu ilizama kidogo ndani ya kola. Alikuwa amevua miwani na kuisugua kwa ncha ya tai.

Mama akaingia majini. Mume wangu akageuka, akatupa mgongo sote, uso wake ukaelekea kwenye matete. Mwanamume aliyeomba miaka yote ile, siku ilipofika ilimbidi aisikie kwa masikio tu. Mimi nilikuwa upande huo na blanketi la kumpokelea mama, nikamwona uso. Ulikuwa umekunjamana kwa uchungu.

"Mama," Obiero akauliza kwa Ekegusii chake kibovu, "nani alikuletea Neno?"

Mama alikohoa kwanza. Kisha akasema kwa sauti ambayo sikujua bado anayo.

"Aliyeniletea Neno sijawahi kumwona uso akihubiri. Ni huyu aliyesimama amenipa mgongo."

Watu wote wakageukia mgongo wa mume wangu.

"Kanisani singeweza kuingia," mama akaendelea. "Nitakaaje pale mbele, mkwe wangu ananitazama machoni? Nikawa nakaa nyuma ya ukuta, kwenye migomba, tangu kanisa likiwa la nyasi. Mara ya kwanza nilimsikia anawafokea wapika pombe. Nikasema huyu ananisema mimi. Nikakasirika, nikarudi kwangu. Sabato ya pili nikaja nisikie kama atanisema tena. Akanisema tena. Basi nikawa naja. Hata hili la kutaka kunishika kiuno nililisikia mwenyewe, kwa masikio haya."

Kicheko kilipita ukingoni mwote. Obiero naye alicheka, maji yakatikisika.

"Huyu mtoto wa ziwani ni mtu mzuri," mama akasema, akimpiga kifuani kidogo kwa kiganja. "Alinikuta kwenye migomba nimekaa kwenye tope, akaniletea kigoda. Nikamwambia asiseme, hakusema. Lakini Neno nilikuwa nalo tayari. Sasa nizamishe, nasikia baridi."

Nilitazama wanawake wenzangu. Tryphosa alikuwa akitabasamu bila kushangaa. Wote hawakushangaa. Hao ndio waliopita migombani wakienda kuchota maji, wakamwona miaka yote, na hakuna aliyesema, maana kumsema ni kumtia aibu. Mlima mzima ulijua isipokuwa mchungaji aliyekuwa mimbarini na mkewe aliyekaa benchi la mbele na leso kando yake.

Obiero akasema maneno ya ubatizo. Nilisikia maji yakifunga, kisha yakifunguka. Mume wangu alisikia pia. Hakugeuka. Miwani ilimponyoka ikaanguka kwenye nyasi, naye hakuiokota, akasimama vile vile mabega yakitikisika, akilia na kucheka kwa pamoja, mtu aliyerudishiwa vyote na zaidi. Obiero, akiwa bado majini, akamwita: "Mchungaji, kigoda ni chake, ama nikirudishe?" Na mume wangu akamjibu akitazama matete, "Mwachie, ndugu yangu." Neno ndugu yangu hakuwahi kumwita kabla.

Ilinipasa nifurahi. Nilifurahi. Lakini nikiwa nimesimama pale na blanketi, kitu kingine kilinijia, na mwanzoni sikukijua jina. Nilikuwa nimevuka yale magogo mvua na jua. Nilimpelekea uji, nikamsugua mgongo, nikamsihi kwa jina la Mungu na kwa titi lililoninyonyesha. Ningeketi naye kwenye tope bila kuambiwa. Na kila Sabato alipanda kile kilima kwa magoti yale yale, akaketi ukuta mmoja tu kutoka kwangu, kumsikiliza yeye. Mwanamume asiyeweza hata kumsalimia.

Mama akapanda ukingoni, maji yakimchuruzika, meno yakigongana. Nilimfunika blanketi. Alinishika mkono, akanivuta nimsikie, na jambo la kwanza alilouliza baada ya kuzaliwa mara ya pili likawa hili:

"Amesikia?"

"Nani?"

"Mume wako. Amesikia niliyosema?"

"Amesikia, mama."

"Amefurahi?"

"Amefurahi."

Nikalizungusha blanketi mara nyingine, nikalikaza kifuani pake.

"Persis," akasema, "unaniminya."