Dole Gumba la Dobi

Saa mbili na robo asubuhi, karani wa kliniki ya macho alifuta kioo cha mashine kwa kitambaa, akamwambia dobi aweke dole gumba la kulia. Dobi aliweka. Mashine ilifikiri kidogo, ikawasha taa nyekundu, ikaandika kwamba hakuna mtu.

"Inasema hakuna mtu, mama," karani alisema.

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nakuona. Ila siku hizi si mimi ninayeandikisha."

Hiyo ilikuwa mara ya sita. Dobi alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili, na foleni ya upasuaji ilikuwa ndani ya mashine, ambayo ilimjua kwa alama ya dole aliyoitoa zamani kwenye kitambulisho. Miaka thelathini na moja ya sabuni ya unga na maji ya moto ilikuwa imevilainisha vidole vyake mpaka havina mstari hata mmoja. Hasa lile dole gumba. Alikuwa na desturi yake: nguo iwe imetakata namna gani, lazima amalizie kwa kuisugua kola mara saba kwa dole gumba la kulia, maana alisema kola ndiyo inayomchongea mtu. Giza lenyewe hakuliogopa sana. Aliogopa kurudisha nguo zenye madoa, wateja wamhurumie wiki mbili, ya tatu wamhame. Dobi asiyeona doa ana kazi gani?

Kwenye benchi alikuwepo mtafiti, binti mrefu kutoka chuo kikuu, anayechunguza jinsi mashine zinazojiamulia mambo zinavyobadilisha maisha ya watu.

"Mama, kwa kipimo cha moja hadi tano, mfumo huu umekurahisishia maisha kiasi gani?"

"Mwanangu, mashine imesema sipo. Unamhojije mtu ambaye hayupo?"

Mtafiti alilifuta swali, akasogea karibu. Siku hiyo hakumhoji mtu mwingine.

Jumanne alama zikaanza kutokea. Mwalimu wa jirani alirudisha shati lake jeupe akisema kuna kitu kwenye kola. Ilikuwa alama ya dole gumba, kubwa kiasi cha sarafu. Halikuwa doa, nyuzi zenyewe za kitambaa zilikuwa zimejipinda zikafanya mistari. Kufikia Ijumaa ilikuwa imetokea kwenye kila nguo yenye kola ambayo dobi aliwahi kuifua: sare za shule, makoti ya madaktari, mashati ya watu waliohamia mbali wakapiga simu kuuliza. Mjane mmoja alisema ana hakika hata suti aliyozikwa nayo mumewe inayo, na hakuna aliyembishia.

Watu walilalamika kwa kiasi, kama wanavyolalamikia nguo iliyochuja, kisha wakazoea. Nguo za dobi mwenyewe hazikuwa na kitu. Hizo alizifua mwisho, mikono imeshachoka, na kola zake hakuwahi kuzisugua.

Mtafiti alikusanya kola mia mbili na kumi na mbili, akazikagua moja moja kwa kioo cha kukuzia. Zote zilikuwa za dole moja, lenye kovu dogo lililokata mistari katikati. Alimshika dobi mkono, akampapasisha kovu lile kwenye shati la mwalimu.

"Ndilo," dobi alisema. "Kopo la maziwa lilinikata nikiwa na miaka tisa. Nilidhani limefutika."

Alifurahi sana, furaha ya mtu aliyeletewa habari za ndugu yake aliyepotea, na mtafiti naye akafurahi mpaka akasahau kuandika. Jioni hiyo hiyo alituma barua na picha kwa ofisi inayosimamia mfumo.

Wakati barua inasubiri majibu, dereva mmoja mstaafu, mteja wa dobi, alikwenda kliniki kuomba dawa ya matone. Aliinamia kaunta ili amsikie karani, na kola yake, yenye joto la shingo, ikagusa kioo. Taa ya kijani ikawaka. Mashine ikaandika jina la dobi: mwanamke, miaka hamsini na minane, upasuaji wa macho yote mawili, leo.

"Ndiye wewe huyu?" karani aliuliza.

"Mimi ni dereva mstaafu."

"Sijauliza kazi."

Karani aliyatazama masharubu ya dereva, akaitazama taa. Alikuwa ameshapewa barua mbili za onyo kwa kubishana na mashine, na nyumbani ana watoto wanne. Akamwonyesha mlango wa chumba cha upasuaji. Dereva naye alikuwa na mtoto wa jicho, tena wa miaka mingi. Aliingia.

Baada ya siku tisa alifika uani kwa dobi, kofia mkononi.

"Dada, nimetibiwa kwa jina lako. Sikujua mpaka nilipoisoma karatasi, na hapo nilikuwa nimeshaanza kuona."

Ilimuuma dobi, na hakuficha. Aliendelea kufua, mikono ndani ya beseni, mpaka povu likaisha.

"Unaona vizuri, kaka?"

"Naona mpaka nyufa za ukuta ule."

"Basi nitazamie shuka la tatu kwenye kamba. Limetakata?"

Dereva alitazama kwa muda, kwa sababu hakutaka kulisema. "Kuna doa pembeni, dada. Kama la chai."

Dobi alilitoa shuka, akalirudisha kwenye maji.

Siku iliyofuata majibu ya ofisi yakaja. Ofisi ilimshukuru mtafiti kwa kazi nzuri, ikamwarifu kwamba dobi ndiye anayetambuliwa vizuri kuliko watu wote waliomo kwenye mfumo: mwezi huo peke yake ametambuliwa mara mia tatu na arobaini, katika vituo kumi na saba, mara nyingine kwa wakati mmoja.

Wakaenda kliniki pamoja. Dobi alivaa shati la mwalimu juu ya gauni, akainama, akabonyeza kola kwenye kioo. Taa ya kijani ikawaka. Mashine ilimkaribisha kwa jina lake kamili, kisha ikaandika kwamba mhusika ameshahudumiwa. Hapo hapo simu ikalia mkobani mwake. Alimpa mtafiti amsomee.

"Hongera," mtafiti alisoma. "Kumbukumbu zetu zinaonyesha kwamba sasa unaona vizuri. Kama sivyo..."

"Soma mpaka mwisho."

"Kama sivyo, fika kituo chochote ndani ya siku saba, uthibitishe kwa dole gumba la kulia. Kola na nguo hazitapokelewa tena."

Karani aliinamisha kichwa, akapanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Mtafiti alianza kulia.

"Wewe andika tu, mwanangu," dobi alisema. "Andika yote, na la masharubu usilisahau."

Alivua shati la mwalimu, akalikunja kwa kupapasa, mikono kwanza, kisha kola juu, likatoka limenyooka kabisa.

"Sasa nishike mkono," alisema. "Wakati wa kuingia niliziona ngazi tatu. Wewe umehesabu ngapi?"

"Tano, mama," mtafiti alisema, akamshika.