Mwizi wa Dizeli ya Kijiji

Mimi ndiye niliyetaka halbadiri isomwe, nisimsingizie mtu. Nilikuwa mtunza stoo wa kijiji chetu cha ujamaa, jirani na Kwala, na dizeli ya trekta ilikuwa mikononi mwangu. Tangi lilifukiwa ardhini nyuma ya stoo. Kila asubuhi nilichovya ufito kupima, na kila asubuhi dizeli ilikuwa imeshuka, hata siku ambazo trekta halikuwashwa. Mwaka ule wa vita vya Kagera dizeli ilikuwa adimu kuliko sukari, na wa kuulizwa nilikuwa mimi. Nikamtaja Mashaka, dereva. Nani mwingine angeiba?

Mashaka akakana. Tukamnyang'anya trekta, tukasoma halbadiri msikitini, laana imrudie aliyeiba. Haukupita mwezi, mkewe Mwamvita akaanza kutapika, kisha mtoto wao wa miaka miwili akaharisha asikome. Watu wakasema imempata. Mwamvita akalalamika kwamba maji ya kisima chao yananuka dizeli. Nikamjibu mbele ya watu kwamba mtu akificha madebe ya wizi nyumbani, nyumba itanuka tu. Watu wakacheka, na mimi nikacheka kuwashinda wote. Tangu hapo kila mwenye kisima, nikiwemo mimi, akamfukuza, kwa kuogopa laana isimfuate na yeye. Akabaki na kisima chake.

Mwisho Mashaka alikuja mwenyewe, akakiri. Tukamwombea laana ifunguliwe. Mtoto hakupona, tukasema bado kuna anachoficha.

Baada ya masika tangi likatakiwa Mlandizi. Akaja fundi wa maji kutoka mkoani, kijana mpole aitwaye Ponsiano, akasimamia kulifukua. Mashaka alikuwa mmoja wa wachimbaji, jembe lake halipumziki. Lilipoinuliwa kwa mnyororo na kugeuzwa ubavu, tuliona tumbo lake. Lilikuwa limetoboka pale chini, matundu ya kupitisha kidole, na mchanga wa shimoni ulikuwa mweusi.

"Tumelitoboa na sururu sasa hivi," nikasema haraka.

Ponsiano akapitisha kidole kwenye tundu, akanionyesha. "Hii ni kutu, Ndugu Mfaume. Ya miaka." Akatazama mteremko. "Huko chini nani anakunywa maji?"

Mashaka akaegemea jembe lake. "Mimi," akasema.

Ponsiano akaanza kutoboa ardhi kwa chuma chake chenye meno, hatua kumi kutoka shimoni. Alichukua udongo, akautia kwenye chupa ya maji, akatikisa. Juu ya maji kukatanda utando wa rangi rangi. Hatua ishirini, vilevile. Nilimfuata nyuma nikiomba moyoni, Mola wangu, dizeli isivuke ile mikorosho kufika kisimani kwa Mashaka. Sikuwa namwombea mtoto wa watu. Nilikuwa najiombea mwenyewe, na ninaona aibu kulisema.

Penye mikorosho udongo ulitoka mwekundu, safi. Nikasema alhamdulillahi kwa sauti.

"Subiri, sijafika kwenye maji," Ponsiano akasema. Akazidi kuzamisha kile chuma, jasho likimtoka, mpaka kikatoka na tope. Hapakuwa na haja ya chupa. Sote tulisikia harufu pale tuliposimama.

Kisimani tulimkuta Mwamvita anachota maji ya uji, mtoto kamfunga mgongoni. Ponsiano akamtoa kata mkononi taratibu, akainusa, akaimwaga chini.

"Kifukieni leo hii. Na mtoto apelekwe hospitali."

Mwenyekiti akamgeukia Mashaka. "Sasa wewe ulikiri nini?"

"Mlisema nikikiri mtoto atapona," Mashaka akasema. "Ningekiri hata kuua."

Mwamvita hakumtazama mumewe. Alinitazama mimi.

"Shemeji, wewe ulikuwa juu ya lile tangi kila asubuhi. Hukuona chochote?"

Ningeweza kusema sikuona. Hakuna ambaye angenibishia. Lakini nikasikia mdomo wangu unatoa yale niliyoyafungia tangu mwaka jana.

"Niliona. Majani yalikufa kulizunguka tangi, udongo ulikuwa unanuka, na dizeli ilizidi kushuka hata baada ya Mashaka kunyang'anywa trekta. Niliogopa mtasema ni uzembe wangu. Nikaona heri awe mwizi."

Nilingoja anitukane, au Mashaka anipige lile jembe. Ningelipokea. Mashaka alikaa chini tu, akafunika uso. Mwamvita akafungua kanga, akamtoa mtoto mgongoni, akaniwekea mikononi.

"Mbebe wewe. Mpitishe kwako kwanza umpe maji ya kisima chako, ndipo twende hospitali."

Nikampandisha ule mteremko, watu wakinipisha njia. Yule mtoto wa miaka miwili alikuwa mwepesi, mwepesi mno, na nguo yake ilikuwa inanuka dizeli.