Kufuli la Kijito cha Mierebi

Niseme tangu mwanzo, nisije nikasifiwa bure: kufuli lile nililitia mimi, Amos Tolliver, kwa mikono yangu hii.

Huku kwetu Montana, mlango wa kibanda cha malishoni haufungwi. Hakuna aliyeandika amri hiyo, na hakuna aliyehitaji kuandikiwa. Baridi ikikukuta njiani unaingia, hata kama mwenyewe hayupo, hata kama mlikosana naye mwaka jana. Unapika maharage yake, unalala, asubuhi unaosha sufuria, unapasua kuni za kumtosha anayekuja nyuma yako, unarudishia mlango na kwenda zako. Ukiacha sufuria chafu, habari zako zitatangulia kufika kila kambi utakayokwenda.

Halafu akaja Bwana Fenwick. Wenye ng'ombe walimleta kutoka mashariki awe msimamizi wa ranchi yetu, ambayo kama zote huku huitwa kwa chapa ya ng'ombe wake, Ngazi, naye akaja na buti mpya na maneno mengi. Vuli ile alipita kwenye kibanda cha Kijito cha Mierebi, akakuta unga umepungua na kuni zimejaa hadi dirishani. Unga aliuona, kuni hakuziona. Akasema wezi wanajilia humo, akanikabidhi kufuli nikalitie.

Nilimweleza. Nilimweleza taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto kwa nini moto unaunguza. Nikamwambia baridi yenyewe bado haijaja, na kibanda kile ndicho paa pekee kwa mwendo wa siku nzima juu ya farasi. Alinisikiliza huku akipangusa buti zake.

"Unapanda farasi wa nani, Amos?" akaniuliza.

Farasi alikuwa wa Ngazi. Mkate niliokula asubuhi ulikuwa wa Ngazi. Na tunalo jambo jingine lisiloandikwa: ukishaajiriwa na chapa, neno la chapa ni neno lako mpaka majani ya masika yachipue. Utanung'unika, lakini utakwenda. Nikaenda. Njia nzima nilimtukana Fenwick matusi ya kumfanya hata farasi aone haya, kisha nikatia kufuli, ufunguo nikautia mfukoni. Asiyejua maana haambiwi maana, nikajisemea, kana kwamba mimi niliyeijua nilikuwa na afadhali.

Januari theluji ilipiga siku tatu mfululizo, hata kwenda zizini tulishika kamba tusipotee. Siku ya nne upepo ulipotulia, nilitumwa kuangalia ng'ombe waliopotea. Niliwakuta Kijito cha Mierebi, kumi na mmoja, wamejibanza nyuma ya kibanda, kila mmoja na alama ya ngazi ubavuni. Kando yao alisimama farasi mwenye chapa ya Kwato, jirani zetu. Alikuwa amevuliwa tandiko na kufunikwa blanketi la mtu.

Mwenye blanketi alikuwa amekaa mlangoni, mgongo kwenye mbao, shoka mapajani. Ni Wiley Purdom, mtu wa Kwato, mwimbaji mbovu kuliko wote niliowahi kuwasikia. Ng'ombe wetu walikuwa wamesukumwa na upepo mpaka kwenye malisho yao, naye akawarudisha bila kuombwa, kwa sababu ng'ombe wa jirani hurudishwa. Alikuwa akifanya kazi yetu. Alikuwa hai, lakini kidogo tu.

Ufunguo uligoma, kufuli lilikuwa limeganda. Nikachukua shoka lake mwenyewe nikapiga, mara mbili tu, likaanguka. Mara mbili, ndugu zangu. Mtoto wa miaka kumi angelivunja.

Nilimwingiza, nikawasha moto, nikamvua buti kwa kisu. Nyayo zake zilikuwa nyeupe na ngumu kama mshumaa, na nilipozigusa hakujua kama nimezigusa. Alipopata sauti nilimuuliza kwa nini hakuvunja, na shoka lilikuwa mkononi.

"Si kulikuwa na kufuli, bwana," alisema. "Nikajua humu mna ndui. Au mna maiti, inasubiri ardhi ilainike izikwe. Nani atafunga mlango hivihivi tu?"

"Ungechungulia dirishani, Wiley."

"Nikachungulie maiti ya watu?"

Miaka yote ya maisha yake hakuwahi kuona kibanda kilichofungwa kwa ajili ya unga. Wazo hilo halikumpitia kichwani. Alikaa nje usiku mbili kwa kuheshimu marehemu ambaye hakuwapo, nami nilisimama pale na ufunguo mfukoni, nikaongeza kuni motoni.

Nilimpeleka kambini kwetu. Daktari wa ngome ya jeshi alikuja, akakata miguu yote miwili juu ya vifundo. Mchunga ng'ombe asiye na miguu hapandi tena. Hilo Wiley alilijua kabla ya daktari kufungua mkoba. Jioni Fenwick akaingia tukiwa mezani, watu saba. Alisema ni msiba, lakini mtu hupewa akili aitumie. Mlango ni mbao tu, na kama ungevunjwa yeye Fenwick asingekasirika hata kidogo. Kisha akauliza kama ng'ombe wote kumi na mmoja wamefika salama.

Tuliacha kula. Nilishika meza kwa mikono miwili nisimpige, na aibu yangu ni kwamba niliishika tu.

Nilipoinuka nilikwenda kwa Wiley. Nilikuwa nimejiandaa kwa lolote: matusi, mate usoni, hata risasi kama angeomba bastola yake. Nikamwambia kufuli nililitia mimi.

Akanigeukia. "Ulitumwa?"

"Nilitumwa."

"Basi mjumbe hauawi, Amos. Hata mimi chapa yangu ingeniambia, ningetia." Akanyoosha mkono nje ya blanketi.

Ningependa anitukane. Nilitaka aseme kwamba mtu mzima ana mdomo wa kukataa, kwamba niliijua baridi na niliujua mlango ule. Lakini Wiley alikuwa mtu wa desturi mpaka mwisho. Desturi ilimkataza kuvunja, akatii. Mimi iliniambia nifunge, nikatii. Na sasa ilimwambia asamehe, akatii tena, amelala pale bila miguu.

Nikaupokea mkono. Asubuhi niliondoka Ngazi kwa miguu, kwa kuwa farasi hakuwa wangu, tandiko langu begani. Wenzangu walisimama zizini wakinitazama, na mmoja akasema kwa sauti, ili nisikie, kwamba mtu mwenye heshima haiachi chapa yake katikati ya baridi.