Mtoto wa Bibi Yake

Tasalla aliwashinda wanawake wote wa kijiji chetu kwa haya, na alijua tunamsifu kwa hilo. Kifunguamimba wake, Zuwaira, alitimiza miaka kumi na sita bila mama yake kulitamka jina lake hata mara moja. Kwetu ndivyo ilivyo: mtoto wa kwanza humwiti kwa jina, humkumbatii, wala humpeleki popote mbele za watu. Hayo ni ya bibi yake. Mimi wangu nilimwita nilivyotaka, nikaambiwa sina adabu, na sikujali.

Wachanjaji walikuja wakati wa joto na vumbi, msimu wa homa ya uti wa mgongo, wakaweka maboksi yao ya barafu shuleni. Walitaka watoto na vijana wote. Tasalla akaja na wale wanne wadogo. Zuwaira alibaki ng'ambo ya njia, akitwanga uwele.

"Na yule binti, mama? Si wako?" mchanjaji akauliza. Alikuwa Mzarma, wa kabila jingine, mgeni kwetu.

"Yule wa bibi yake," Tasalla akajibu, mtandio usoni.

"Basi bibi amlete leo leo. Ugonjwa huu hauchagui watoto tu, vijana unawapenda sana. Na usipoua, huziba masikio."

Foleni nzima ikaangua kicheko. "Nyinyi Wazarma, haya mliiuza soko gani?"

Nikamnong'oneza Tasalla, "Shoga, bibi mwenyewe yuko msibani Tanout. Mpeleke tu, sindano yenyewe dakika moja."

"Nionekane nimemshika mkono? Watanisema!"

Jioni wachanjaji wakafunga maboksi wakaondoka.

Mvua zilikuwa bado hazijaanza Zuwaira alipoamka kichwa kikimpasuka, shingo imekakamaa. Hata hapo Tasalla alikaa upande wa pili wa ua, akimtuma mdogo mtu apeleke maji. Binti alipoanza kuweweseka ndipo tukampakia kwenye mkokoteni wa punda kumpeleka hospitali.

"Mama wa mgonjwa nani?" nesi akauliza.

Sote tukatazama chini. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Mimi," akasema Tasalla.

"Alichanjwa?"

"Hapana. Walikuja mpaka mlangoni, dada. Mimi nilikuwa nalinda sifa zangu." Akalia palepale, mtandio umemwanguka, wala hakuuokota.

Zuwaira hakufa. Homa iliposhuka akafumbua macho, akashangaa kumkuta mama yake ameketi kando ya kitanda, amemshika mkono. Wodi ilijaa watu. Tasalla akainama, akaita kwa sauti iliyowageuza shingo wagonjwa wote:

"Zuwaira! Zuwaira, mwanangu!"

Binti akamtazama midomo, akakunja uso.

"Mbona unanong'ona?" akauliza. "Bado unanionea haya?"